Maelezo Kuhusu Diski ya Marehemu Khor Beng Teik

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Taman Kenanga, Pulau Pinang

Jina: Ooi Kean Hock
Umri: Miaka 53
Kazi: Kuuza na kutengeneza kompyuta
Makazi: Ghorofa ya pili, Jengo C, Taman Kenanga
Tarehe: 3 Agosti 2011, saa tano asubuhi
Mbele ya: Sajini Rohaizad

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimejibu sawa, maana hata nguvu za kutunga uongo sina. Duka nimelifunga, usiku sikupata usingizi, na tangu jana nimepanda na kushuka ngazi za Jengo C mpaka magoti yanalia.

Nimekuja kueleza kwamba Sulasmi, mfanyakazi wa ndani wa familia ya Khor anayeshikiliwa hapa tangu jana mchana, hakuiba diski yoyote. Diski ninayo mimi, imo kwenye hili kopo la biskuti. Sajini ameniambia nisifungue kopo kwanza, nianze mwanzo. Haya, naanza mwanzo.

Mnamo mwezi Machi mwaka huu, Mzee Khor Beng Teik alikuja dukani kwangu pamoja na mkewe, Mama Khor. Ni majirani zangu wa ghorofa ya juu yangu, tumekaa jengo moja zaidi ya miaka ishirini. Mzee alikuwa fundi wa mabasi, amestaafu. Mwanawe wa pekee, Chin Aun, anayeishi Kuala Lumpur, alikuwa amemwekea kompyuta sebuleni, imeunganishwa na televisheni, ili aangalie opera zake za Kihokkien, Kichina cha wazee wetu. Tatizo lilikuwa diski ya ndani, ile inayohifadhi filamu.

Mzee akasema, "Kean Hock, kile kidude kinakoroma kuliko mimi."

Mama Khor akasema, "Hakuna kinachokoroma kuliko wewe. Usimdanganye kijana wa watu."

Mzee alitaka diski ngumu mpya yenye sifa mbili: isipige kelele na isife. Nilidhani ni kazi ya robo saa. Nilimwonyesha niliyokuwa nayo, nikamweleza kwamba za mwendo wa kasi hupata joto na kuvuma, na kwa filamu mwendo wa kasi hauna faida, achukue inayozunguka polepole. Mteja mwingine angelipa akaenda zake. Mzee Khor akatoa bisibisi mfukoni.

Nieleze hiyo bisibisi, Sajini, maana umenikunjia uso. Mafundi wa magari huweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, wasikilize beringi. Mzee alifanya hivyo kwa diski zangu, moja baada ya nyingine, dukani, wateja wamesimama. Akaniamuru nizime feni.

Nikamwambia, "Mzee, watu wanaiva humu."

Akasema, "Waache waive kidogo. Sisikii."

Alikuja hivyo kila wiki mpaka mwisho wa Mei. Diski iliyotoka kiwandani juzi aliikataa, alisema bado haijaugua, tutajuaje kama inapona? Nyingine akasema inanguruma chini kwa chini. Nyingine ilikuwa kimya kabisa ikizunguka, lakini nilipoipa mafaili ya kuandika ikaanza kugonga ndani, tak tak tak, naye akairudisha kwenye boksi. Nilifika mahali nikimwona anavuka barabara najificha nyuma ya rafu. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, unatafuta diski au unatafuta mke wa pili?"

Mama Khor akadakia, "Mke wa pili? Hata wa kwanza hajamaliza kumsikiliza."

Hatimaye alichagua moja. Ilikuwa ya mwendo wa polepole, modeli iliyokwisha kaa sokoni, nami niliiacha ikifanya kazi dukani wiki nzima bila kuizima. Ilikuwa na waranti, yaani dhamana ya kiwanda, ya miaka mitano. Mzee akaisoma ile karatasi, akacheka. "Miaka mitano? Mimi mwenyewe sina waranti hiyo." Sote tulicheka.

Tarehe 28 Mei, Jumamosi, nilipanda kwao kuifunga. Nikahamisha kila kitu kutoka diski ya zamani. Ilipowaka bado kulikuwa na mvumo, na Mzee akanikata jicho la kuniua. Nikagundua haikuwa diski, ni kabati la mbao lililokuwa linapokea mtikisiko na kuukuza. Nikamwomba Mama Khor lastiki ya kushonea sketi. Akaleta kwenye kopo lake la cherehani, tukakata vipande vinne, tukaining'iniza diski ndani ya kasha isiguse chuma popote. Skrubu sikutumia hata moja.

Mzee akawasha opera. Mwanamke wa kwenye opera akaanza kuimba, kisha akanyamaza katikati. Mzee akainua mkono. "Nyamazeni. Mmesikia? Anavuta pumzi." Miaka yote aliyoangalia ile opera hakuwahi kusikia yule mwanamke akivuta pumzi. Mama Khor alisimama na kisu na kitunguu mkononi akisikiliza. Sulasmi naye alikuwa mlangoni na ndoo. Niliona fahari siku ile, sitaficha. Kazi yangu ni ya watu kulalamika tu, siku hiyo hakulalamika mtu.

Mzee Khor alifariki tarehe 12 Juni hospitalini, kwa moyo. Hakuifaidi ile diski hata mwezi.

Sasa nakuja siku ya arobaini na tisa ya kifo chake, tarehe 30 Julai, Jumamosi, ambayo ndiyo siku tuliyomchomea vitu vyake, maana kwetu kinachoungua siku hiyo humfikia marehemu huko aliko. Tulikuwa uwanjani nyuma ya hekalu kuanzia saa kumi jioni. Kulikuwa na nyumba ya karatasi ya ghorofa mbili, gari la karatasi, pesa za karatasi, na televisheni ya karatasi ambayo Chin Aun aliagiza maalumu. Sajini anajua kwamba vitu hivyo vikiwaka, familia huvizunguka wameshika uzi mwekundu, ili mizimu isiyo na kwao isije ikapora vya marehemu. Tulikuwa wachache. Mke wa Chin Aun ni mjamzito, haruhusiwi kukaribia. Tukawa Mama Khor, Chin Aun, mimi, na uzi ukawa unalegea upande mmoja.

Mama Khor akamwita Sulasmi. "Njoo ushike hapa."

Sulasmi akasema, "Bibi, mimi mgeni, tena dini yangu nyingine."

Mama Khor akasema, "Nani amekuuliza dini? Umemwosha miguu mzee wangu miaka minne. Shika uzi."

Nilimsikia akisema bismillahi kwa sauti ndogo, akashika. Alikuwa upande wa mlango wa ile nyumba ya karatasi. Kabla moto haujawashwa, Mama Khor aliinama akaingiza kitu mlangoni, kimefungwa kitambaa. Nilidhani ni soksi, maana Mzee alikuwa analalamikia baridi ya miguu. Chin Aun alikuwa upande wa nyuma, hakuona. Sulasmi alikuwa hatua moja tu kutoka pale.

Jumatatu, tarehe 1 Agosti, Chin Aun alifungua kompyuta ya sebuleni akakuta diski haipo, lastiki zimekatwa. Hiyo sikuiona mwenyewe, aliniambia yeye.

Jana, Jumanne, kama saa nne asubuhi, Mama Khor alikuja dukani peke yake na mwavuli wake. Akaketi kwenye kiti alichokuwa anakalia Mzee. Akaomba nyaya za diski, ule wa umeme na ule mwingine bapa, "kama zile za Mzee." Nilimwambia nyaya zipo kwenye kompyuta, hazijaharibika. Akasema hizo Chin Aun amezifungia kabatini. Nilikuwa na wateja wawili na printa mbovu, nikamwambia aniachie nitamtafutia baadaye. Akaondoka. Najilaumu kwamba sikumuuliza za nini.

Saa nane mchana akaingia Chin Aun. Alitaka nimwandikie bei ya diski kwa ajili ya polisi. Akasema amemleta Sulasmi hapa kituoni, na kwamba akitoka hapa atapandishwa meli arudi kwao.

Nikamuuliza, "Umemwona akichukua?"

Akasema, "Kaka Kean Hock, mle ndani kuna Mama, kuna mimi, kuna mke wangu. Mtu wa nje ni nani?"

"Yeye mwenyewe amesemaje?"

"Hasemi kitu. Analia tu. Asiye na hatia hunyamaza?"

"Na Mama umemuuliza?"

Hapo akaketi. Akasema mama yake ameanza kuchanganyikiwa tangu mazishi. Alipomuuliza diski iko wapi alimjibu, "Baba yako anayo." Chin Aun akafunika uso kwa mikono. Akasema ndani ya ile diski kuna video ya harusi yake, baba yake ameshika kipaza sauti anaimba vibaya, na hana mahali pengine pa kusikia sauti yake. Nilikuwa nimemkasirikia, lakini pale hasira ikaniishia, ikabaki kuchoka tu.

Nikamwomba anionyeshe zile lastiki. Alikuwa nazo kwenye mfuko wa nailoni, ameziweka kama ushahidi. Vipande vyote vinne vilikatwa mara moja, safi, pembeni kabisa ya fundo. Mwizi hakati hivyo. Hiyo ni mikasi ya nguo, na mkono uliozoea kukata nguo. Hapo ndipo nilipokumbuka nyaya alizoniomba Mama Khor asubuhi.

Nilifunga duka nikapanda juu. Nilimkuta Mama Khor anamenya maharage. Nikamuuliza, "Mama, diski umeipeleka wapi?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si nimempelekea mwenyewe? Kwenye ile nyumba. Nyaya ndizo nilizosahau. Jana nimekaa nafikiri, maskini ataiwashaje bila nyaya?"

Nikamwambia, "Lakini kulikuwa na vitu vya karatasi, Mama. Ungempelekea ya karatasi."

Akaweka kisu chini. "Wewe umekaa naye miezi yote ile na lile bisibisi lake sikioni. Nimpelekee ya karatasi, aanze kulalamika upya?"

Nikavuta kiti, Sajini, nikaketi.

Nikamuuliza kwa nini hakumweleza mwanawe. Akasema, "Nilimwambia baba yake anayo. Nimwambie mara ngapi?" Nikamuuliza kuhusu Sulasmi. Akasema Sulasmi aliona yote, na yeye alimwapisha asimwambie Chin Aun kabla hajaondoka kurudi Kuala Lumpur, kwa sababu Chin Aun angepiga kelele na siku zile nyumba inatakiwa kuwa na utulivu. Kisha akaniuliza kama kibali cha kazi cha Sulasmi kitachelewa. Ndivyo alivyoambiwa na mwanawe, kwamba msichana amekwenda ofisini kushughulikia kibali. Nilipomweleza yuko wapi hasa, alisimama, maharage yakamwagika sakafuni, akaanza kutafuta viatu. Ilikuwa jioni. Nilimzuia kwa shida, nikamwahidi tutakuja asubuhi, kwanza nipate kitu cha kuwaonyesha.

Leo alfajiri nilikwenda nyuma ya hekalu. Mlinzi wa pale alikuwa bado hajazoa majivu. Tukachambua kwa koleo. Hii hapa, Sajini, sasa naifungua. Lebo imeungua yote, na bamba la juu limepinda. Lakini angalia matundu ya skrubu pembeni: ni safi, hayajawahi kukazwa skrubu. Na hapa kwenye kona kuna alama tatu za bisibisi. Mzee alizikwaruza yeye mwenyewe siku aliyoichagua, ili nisimbadilishie. Hakuniamini hata kidogo.

Umeniuliza kama kuna hasara. Diski ya zamani, ile inayokoroma, ipo dukani kwangu chini ya meza. Nilihamisha vitu vyake, sikuvifuta. Harusi ya Chin Aun imo, na baba yake anaimba humo vilevile. Jana alipofunika uso sikuikumbuka, akili yangu ilikuwa kwa Sulasmi, lakini angeniuliza tangu Jumatatu kama kuna nakala ningempa. Hakuniuliza mimi, alimuuliza msichana wa watu kwa kumvuta mkono mpaka kwenye gari.

Umeniuliza pia kama Sulasmi alitishwa ili anyamaze. Hapana. Aliombwa na bibi yake akakubali. Amelala sakafuni kwenu usiku kucha na neno moja tu lingemtoa, wala hakulisema.

Diski hii naiacha mikononi mwa polisi. Hizi nyaya mbili ni mali ya duka langu, hazihusiani na kesi, naomba zisiandikwe kuwa kielelezo. Mama Khor anazisubiri hapo nje kwenye benchi tangu tulipofika. Kesho jioni tunakwenda kuzichoma, na Sulasmi asipokuwepo hatutoshi kuzunguka na uzi.

Sina la kuongeza. Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, na natia sahihi kwa hiari.

(Sahihi) Ooi Kean Hock

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa nami na kusomwa mbele ya shahidi. Bi. Khor amehojiwa na kuthibitisha. Mlalamikaji, Bw. Khor Chin Aun, ameitwa na kufuta malalamiko yake. Aliomba kuonana na Sulasmi, naye akakubali, wakazungumza mbele yangu. Sulasmi ameachiwa saa saba mchana. Diski moja iliyoungua imepokelewa. Nyaya mbili hazikupokelewa. Kwa ombi la Bi. Khor, nyaya hizo zimekabidhiwa kwa Sulasmi azitunze hadi kesho.

(Sahihi) Sajini Rohaizad