Ndiyo ya Kokugonza Mbele ya Mkaguzi

S.L.P. 12,
Muleba.
Tarehe 14 Agosti, 1973

Mpendwa kaka Anatory,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tabora? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kila vumbi likitimka? Sisi tu wazima. Mama anapalilia kibanja cha migomba mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Barua yako nimeipata, na imeniudhi. Unasema mwanao Kokugonza akishindwa Kiingereza mbele ya mkaguzi, aache kidato cha pili aolewe na yule mtu wa Maruku. Wajumbe wake walikwisha kuja hapa na kibuyu cha lubisi, ile pombe ya ndizi ya posa. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Mimi ndiye mwalimu wake wa Kiingereza, kaka, najua shida ilikuwa wapi. Wasichana hawa walikuwa wakikwama kwenye kila neno gumu kama lori kwenye tope. Nikawaambia waliruke kwanza, watafute maneno yanayounganisha: yale ya "lakini", "kwa sababu", "ingawa", "kwa hiyo". Ukiyaona hayo unajua mwandishi anageukia wapi, hata kama nusu ya mengine huyajui. Mkuu wa shule alinicheka, eti nafundisha vipande vya maneno. Kokugonza alishika kabla ya wenzake.

Basi, Jumatano mkaguzi akaja, mzee mkali asiyecheka. Akampa Kokugonza habari ya wakulima waliopata mvua nzuri lakini wakavuna kidogo, kwa sababu hawakupalilia. Akaisoma vizuri. Kisha mzee akamtega: wakulima hao walivuna sana, sivyo? Kaka, mwanao akainamisha macho, akajibu ndiyo.

Nilitaka kulia. Alielewa kila kitu! Ila ni wewe na mimi tuliomfundisha kwamba mtoto wa kike hambishii mkubwa usoni. Mkaguzi akamwandikia kosa.

Nikasimama, nikaomba ajibu kwa maandishi. Mkuu wa shule akanikazia macho. Nikajua kazi yangu imekwenda, lakini mkaguzi akasukuma karatasi mezani. Kokugonza akaandika kwa Kiingereza kwamba ingawa mvua ilikuwa nzuri, mavuno yalikuwa haba kwa sababu ya magugu. Kwa hiyo jibu lake la mwanzo halikuwa kweli, na anaomba radhi. Mkaguzi akairudia kuisoma, akalifuta lile kosa.

Amefaulu, kaka. Sasa neno lako lishike. Kibuyu chao kimerudi Maruku kikiwa kimejaa, na ukitaka kugomba, gomba na mimi.

Msalimie wifi Kokushubila na watoto wote. Mama anakubariki, nami namwomba Mungu akulinde kifua na hasira pia.

Kokugonza yuko hapa, amepiga magoti kukuamkia baba yake kana kwamba unamwona. Ameniomba niyaandike maneno yake yalivyo: "Kasinge, tata. Shule siachi."

Dada yako akupendaye hata akikukasirikia,
Benigna