Bakuli la Mungu

Ujiji, Jumatatu usiku

Maji nayabeba mimi toka ziwani, halafu Godeliva, mkimbizi wa Burundi tuliyempa chumba, anamwekea Mungu bakuli zima! Kwao mwanamke anayetaka mtoto huacha maji usiku, Mungu apate ya kukandia udongo wa kumfinyangia mtoto.

Leo nimemfokea: "Mungu hana mikono! Si mfinyanzi!"

"Sawa, dada," kasema, na bakuli kaliacha palepale. Ameolewa miaka mingi, na hadi leo hana hata...

Sasa hivi mume wangu karudi toka msikitini na kiu yake, kayanywa maji yote ya bakuli.

"Umekunywa mtoto wa watu!" nimempigia kelele.

Nimelijaza tena kimyakimya. Mungu hana mikono, najua. Lakini akija akakuta bakuli tupu, atasema mwenye nyumba ndiye mchoyo.