Jogoo Aliyenunua Petroli

Geita, 4 Novemba 1958

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la mgodini limenigeuza rangi. Mkikutana nami njiani mtanipita. Mama hajambo? Ng'ombe je?

Baba, mgombea wa chama chetu, Bwana Kalisti, atapita huko Tinde kabla ya uchaguzi wa Februari. Gari analo, petroli hana. Chama hakina tajiri, kwa hiyo kila mtu anatoa alicho nacho. Onesmo, mpishi wa kambi, katoa sufuria. Mimi nimetoa viatu vyangu vya Jumapili. Nakuomba nawe utoe chochote, hata kidogo.

Mwanao, Ngassa

Tinde, 19 Novemba 1958

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Ng'ombe nao wanauliza kama una akili timamu. Mtu mzima kutoa viatu! Huyo Kalisti hanijui, nami simjui. Sitoi kitu.

Ila barua yako mwalimu Bartholomeo alimsomea mama yako kabla sijarudi machungani. Kesho yake nikaamka jua limeshapanda. Kumbe jogoo ametolewa kwa chama! Nilipofoka, mama yako akasema, "Jogoo nimemlea mimi. Wewe umelea usingizi." Waandikie wamrudishe.

Baba yako mwenye hasira, Mageni

Geita, 1 Desemba 1958

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kuchelewa kuamka. Barua yako niliisoma kwa sauti kambini. Onesmo alicheka mpaka ugali ukaungua.

Baba, kilichochangwa hakirudishwi. Michango yote ya huko itapigwa mnada Jumamosi ya tarehe 13. Ukimtaka jogoo, nenda kamnunue kama watu wengine.

Mwanao anayeshukuru kuwa mbali na fimbo, Ngassa

Tinde, 15 Desemba 1958

Mwanangu,

Hatujambo. Mama yako ana furaha kupita kiasi, inaniudhi.

Nilikwenda mnadani kutazama tu. Palikuwa na mayai, karanga, vibuyu vya samli. Mayu Nyamizi, yule mama jirani yetu, na upofu wake, kaleta ungo aliousuka mwenyewe. Basi Cornel, yule mnunuzi wa pamba mwenye lori, akamtajia jogoo wangu bei ya kitoweo. Damu ikanichemka. Nikapandisha, akapandisha. Mwisho nikajikuta nimelipa bei ya mbuzi. Watu wakapiga vigelegele: "Mzee Mageni kachangia!" Nilitaka kukana, lakini Kalisti alikuwa ameshanishika mkono.

Ndipo Cornel akasimama. "Mnahangaika na mayai ya nini? Petroli yote nitatoa mimi, na lori juu. Ila Bwana Kalisti asiguse habari ya mizani ya pamba."

Unajua mizani ile inavyotupunja. Kalisti akatazama gari lake, akatazama chini. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema, "Cornel, umechelewa. Mtu huyu tumeshamnunua sisi, kwa mayai."

"Na ungo!" akadakia Nyamizi.

Kalisti akacheka, akamwambia Cornel abaki na petroli yake. Akaanza kuhutubia, na neno lake la kwanza likawa mizani.

Petroli tuliyopata itamfikisha nusu ya vijiji. Vilivyobaki atakwenda kwa baiskeli yangu, nami nitamfuata kila aendako. Baiskeli ni yangu.

Baba yako, Mageni

Geita, 20 Januari 1959

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi, ila nina neno zito. Je, mwalimu amekueleza? Sheria inataka mpiga kura awe amefika darasa la nane, au awe na kipato kikubwa, au cheo. Wewe na mama hamtapiga. Nahofu utaona umetoa bure.

Mwanao, Ngassa

Tinde, 23 Februari 1959

Mwanangu,

Wazima, tumelowa tu. Kalisti ameshinda.

Lile neno lako nililisikia. Siku ya kura nikamwendea Bartholomeo, maana kijiji kizima mwenye haki ni yeye peke yake. Nikamkuta kitandani. Eti ana homa, eti mvua, eti Shinyanga mbali. Nikamfunga blanketi, mama yako akamshika mguu, mimi bega, tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nyamizi akapanda naye, amshike asiruke.

Kituoni askari akanizuia mlangoni. "Mzee, nawe umekuja kupiga kura?"

"Hapana," nikamwambia. "Mimi nimeileta."

Baba yako, Mageni