Ipi Ndiyo Jezi ya Egesa

Jumapili, 3 Agosti 2025

Tarehe imetoka. Jumamosi ya tarehe 30 tunamaliza matanga ya Egesa na nguo zake zitagawiwa. Mume wangu amelala kule Masafu nyuma ya nyumba ya mama yake tangu mwaka juzi, na ndiyo kwanza ukoo umepata nafasi. Mdogo wake, Bwire, ndiye aliyetangaza baada ya misa. Kifua mbele, utadhani ng'ombe anatoa yeye.

Mwanangu Jovia hakuuliza habari za wageni wala za chakula. Aliuliza jezi. Nikamwambia iko kwa baba yake mdogo. Ukoo huu ndivyo ulivyo: nguo za marehemu hukaa kwa ndugu yake mpaka siku ya kugawa, na mjane akishazikabidhi hazishiki tena. Akasema muhula ujao ataivaa akidaka goli shuleni. Itakuwa kubwa, nikasema. Atakunja mikono, akasema. Ana jibu la kila kitu, mtoto huyu.

Mimi koti sitaki. Redio wachukue, baiskeli wachukue. Nataka mwanangu apewe ile jezi ya kijani, namba moja mgongoni, aliyoivaa baba yake siku ile Tororo alipodaka penalti ya mwisho na Nyuki FC wakabeba kombe. Kiwiko cha kushoto kilichanika alipojirusha kwenye mlingoti. Nilikishona mimi mwenyewe, kwa uzi wa bluu, maana wa kijani ulikuwa umeniishia. Fundi mzima wa cherehani! Egesa alinicheka mwezi mzima.

Jumanne, 5 Agosti

Barbara kanionyesha video yangu leo. Anashona cherehani ya pili hapo kibandani kwangu, nimemfundisha tangu hajui kutia uzi kwenye sindano. Bado inazunguka, kumbe. Niko na leso ya msiba kichwani, nimeishika jezi kwa mikono miwili, nasema: mimi ni Loy Akello, mke wa marehemu Egesa, hii ndiyo jezi aliyovaa siku ya fainali.

Bwire ndiye aliyeipiga video hiyo, siku niliyomkabidhi nguo. Alisema ni kumbukumbu ya ukoo. Ukoo gani? Iko kwenye ukurasa wake wa Jezi za Mpakani, anapouzia watu nguo zilizochezewa mechi. Biashara yake naijua. Anazunguka kwa wachezaji waliostaafu na kwa wajane, ananunua jezi, viatu, glavu, anawauzia watu wa Nairobi na Kampala wenye kuta kubwa. Sijawahi kumwingilia. Lakini kila anayeuliza huko chini kama vitu vyake ni vya kweli, anatumiwa sura yangu na kilio changu. Nimekuwa mhuri wa duka.

Jezi yenyewe haiuzi, najua. Hawezi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata mgeni. Mwalimu Chrispinus, kutoka ng'ambo, upande wa Kenya. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, kaja na mkate na sukari kama anavyokwenda mtu msibani. Akakaa kwenye benchi la wateja akaniambia kuwa siku ya ile penalti alikuwa amesimama nyuma ya goli, kijana bado, na Egesa alipoinuka na mpira alimwangalia yeye usoni. Huenda ni kweli. Huenda wote waliokuwa nyuma ya goli wanasema hivyo.

Kisha akatoa simu. Jezi ya kijani ndani ya fremu ya kioo, sebuleni kwake, juu ya makochi. Kiwiko cha kushoto, uzi wa bluu. Ameinunua kwa Bwire mwezi wa tano.

"Mama Jovia, mimi sinunui vitu ovyo," akasema. "Feki zimejaa. Lakini nilikuona wewe kwa ile video, nikajua hapa hakuna mchezo. Mama wa watu hawezi kudanganya na leso ya msiba kichwani."

Nikamwagizia soda. Ningefanya nini? Ya kweli iko ndani ya sanduku la Bwire na huyu ameuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi nimemsifia mimi. Nilimwonea huruma. Halafu, Mungu anisamehe, nikataka kucheka.

Akaomba kuja tarehe 30, kama familia haitaona vibaya. Nikasema karibu sana, Mwalimu. Tangu ameondoka nina hasira na Bwire mpaka nimeshona suruali ya mtoto wa watu miguu ndani nje.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kwa Bwire. Sikuanza na salamu ndefu. Hakukataa hata kidogo. Alicheka, akaniita mulamu, yaani shemeji, akamwambia mkewe alete chai.

"Mulamu, ile original iko ndani. Mimi nauza nguo ya kaka yangu namna gani? Hizo zingine ni kopi. Hii watu haitaki nguo, inataka stori. Mimi napea yeye stori, anafurahi, basi."

Nikamuuliza na mwalimu je. Akasema mwalimu analala usingizi mzuri chini ya ile fremu, mimi nikimwamsha namsaidia nini?

Akafungua sanduku. Akaitandaza kitandani, nami nikainama kuitazama bila kuigusa. Kiwiko, uzi wa bluu, mshono wangu ule wa kurudi nyuma mara mbili. Machozi yalinitoka. Nimerudi nyumbani nimemwambia Jovia jezi ya baba yake ipo salama, nimeiona kwa macho yangu. Kacheza chumba kizima.

Jumatatu, 11 Agosti

Ningekaa kimya leo, ningekuwa bado mtu mwenye furaha.

Nilikuwa namsimulia Barbara. Nikasema hao wanaonunua kopi hawana macho, mshono wangu nautambua hata gizani. Barbara akaacha kukanyaga cherehani. Akatazama chini. Akasema, "Auntie, ni mimi nilishona."

Bwire alimletea fulana za kijani, zote namba moja mgongoni, mwaka jana, nilipokuwa kwetu Tororo namuuguza mama. Zilitoka duka lilelile la ng'ambo ambako Nyuki walinunua za kwao, mabaki ya stoo. Akamwambia familia inajua, ni ukumbusho wa watoto wa ukoo. Jezi ya Egesa ikawekwa mezani kama mfano. Barbara akachana viwiko, akashona kwa uzi wa bluu, mshono wangu, maana mwingine hajui. Nilimfundisha vizuri. Nilikuwa namchapa kidole akikosea.

Kisha Bwire akazitia zote kwenye kaveera moja, mfuko wa plastiki. Zote, na ya Egesa humohumo. Akawapa vijana wa bodaboda wacheze nazo uwanjani mtaa wa Sofia mpaka zipauke na ziingie udongo. Kwa hiyo hapo kwenye ukurasa wake anaposema zimechezewa mechi, hadanganyi.

Nikamuuliza Barbara kama ya kweli ilitiwa alama. Alimuuliza Bwire hivyohivyo, akajibiwa kwamba mtu anajua harufu ya ndugu yake.

Harufu gani? Niliifua. Kabla ya kuikabidhi niliifua kwa sabuni ya mche, nikaianika, nikaipiga pasi, kwa sababu hapa huwezi kukabidhi nguo ya marehemu chafu, watasema mke alikuwa mchafu. Jasho lake, ile dawa ya kuchua aliyokuwa akijipaka magoti, damu ya kiwiko, vyote nilivimwaga na maji ya beseni. Wazungu, Mwalimu alinieleza, jezi ya mchezaji hawaifui kabisa. Doa ndilo shahidi wao. Sisi doa ni aibu.

Ile niliyoililia kitandani kwa Bwire ni ya nani?

Jumatano, 13 Agosti

Nilimkuta Bwire mpakani anapokea mzigo. Nikamuuliza neno moja: unajua ni ipi?

Akageukia mzigo, akaanza kuuhesabu upya. Hajui. Hakuwahi kujua. Alichukua mojawapo akaitia sandukuni, nyingine akaziuza, na tangu hapo amejiaminisha. Tapeli kajitapeli na yeye. Kama si jezi ya mume wangu ningefurahi.

Halafu akapandisha sauti. Kwamba mimi mtu wa Tororo naweza kuja kufundisha Wasamia juu ya mtoto wao? Kwamba nikifungua mdomo tarehe 30 nitamuua mama yake. Na mwisho akasema polepole, watu wasisikie:

"Kwa video nani alisema? Ni wewe. Mimi nilishika simu tu."

Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu. Namchukia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilichosema siku ile kilikuwa kweli tupu. Sijawahi kusema neno la kweli kuliko lile, na ndilo limewaibia watu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nilimjaribu Jovia. Nikamwambia kwani koti la baba si zuri? Lina joto, ni la heshima. Akanitazama kama anamwona mlevi. Timu nzima ya shule imeshaambiwa kuhusu jezi. Kocha ameshaambiwa.

Nikarudi kwenye cherehani. Nakasirika kwa vitu vidogo siku hizi. Barbara ananisalimia kwa magoti yote mawili na mimi najibu kama namlipa.

Jumatano, 27 Agosti

Mvua. Wateja hakuna. Nimeshona kitambaa cha kufunika meza ya padri.

Nimeamua: nitanyamaza. Apewe hiyo ya sandukuni, aivae, adake. Mwalimu abaki na yake. Kila mtu na furaha yake na mimi na siri yangu.

Jumamosi, 30 Agosti

Niko Masafu, chumbani kwa mama mkwe. Wameniingiza humu peke yangu, mlango umefungwa. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba. Naandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga kelele.

Misa ilikwisha vizuri. Nguo zikaanza kugawiwa, mama mkwe ameketi katikati, Bwire anazitoa sandukuni moja moja. Koti kwa mjomba. Viatu kwa binamu wa Majanji, havimtoshi, kavaa hivyohivyo. Jezi ikawekwa juu ya kiti, Jovia akaitwa.

Ndipo Mwalimu Chrispinus aliposimama. Alikuwa ameketi nyuma na wageni, ana kitu bapa kimefungwa kwa kitenge. Akaomba ruhusa kwa wazee. Akasema ameambiwa leo ndiyo siku ya nguo, na yeye hakulijua hilo aliponunua; alidhani familia iliuza kwa shida. Kitu cha marehemu, akasema, hakiwezi kukaa ukutani kwake na mtoto wa marehemu yuko hai. Hataki kurudishiwa chochote. Akafungua kitenge. Watu wakaanza kupiga makofi kabla hawajaona vizuri.

Halafu wakaona. Ya kijani ndani ya kioo, ya kijani juu ya kiti. Makofi yakaisha huku na huku.

Bwire alikuwa wa kwanza. Akasema Mwalimu ameuziwa feki na watu wabaya, hii mji imejaa wakora. Alisema hivyo mbele ya mtu aliyepokea jezi kutoka mkononi mwake! Mwalimu hakumtazama hata. Alinitazama mimi, uso umemshuka kama wa mtoto anayetaka kulia.

Mama mkwe, Mama Benedeta, akainua mkono. Haoni vizuri siku hizi, lakini alikuwa ameshikilia zile fulana mbili, moja kila mkono, fremu imeshafunguliwa.

"Mukhana wange, binti yangu," akaniambia, "ni wewe ulifua. Ni wewe ulishona. Leo mimi nakuruhusu kushika. Ingia ndani na zote mbili, utatuambia."

Kwa hiyo nimeingia. Nimezigeuza ndani nje. Nimehesabu mishono mpaka macho yamechoka. Moja inanuka nafthalini, dawa ya nondo ya sandukuni, nyingine hainuki kitu. Moja imepauka begani, ila hata vijana wa Sofia walicheza juani. Nimezilaza uso kwa uso kitandani, nimeweka shavu juu ya moja, kisha juu ya nyingine, kama mwendawazimu. Egesa hayumo. Au yumo na mimi nimemsahau, na hilo ndilo linaloniliza. Huenda yake si mojawapo ya hizi mbili, huenda iko ukutani kwa mtu Nairobi.

Nikisema ya kiti, Mwalimu anatoka hapa amevuliwa nguo mbele ya kijiji, na Bwire anauza mpaka Krismasi. Nikisema ya fremu, Bwire ni mwizi mbele ya mama yake, na bado sijui kama nimesema kweli. Nikisema sijui, mtoto wangu anarudi mikono mitupu, na kila mtu atauliza: mke gani huyu.

Nje Bwire anacheka sana. Namsikia Mwalimu akiwaambia watu wanyamaze, wasinisumbue, mjane ndiye anayejua.

Jovia amebisha. Sikufungua. Ameweka mdomo kwenye ufa wa mlango akasema nisilie, yeye hana shida. "Mama, ile utasema, hiyo ndiyo."

Mwalimu naye aliniamini hivyohivyo.

Wananiita tena. Nimesema nakuja. Nimezikunja zote mbili na bado sijui nitasema ipi.