Kosa Ulilolimeza, Baba Riziki

Kampala, Jumatatu

Kwako Baba Riziki,

Jambo. Nakusalimia kwa sababu nilifunzwa adabu, siyo kwa sababu moyo unataka. Muko aje? Hapana, hilo usijibu. Kila nikiuliza unasema, "Huku kila kitu iko sawa." Leo nauliza vingine: Riziki anakula? Anatembea? Mashavu yake yamerudi?

Mama Zawadi, jirani yetu wa huko nyumbani Mulongwe, alifika huku Jumamosi na kifurushi cha ndagala, dagaa wetu wakavu. Hata hajaketi, akasema, "Pole na mtoto, mama. Ile siku balimutoa ku hospitali alikuwa mwepesi sawa kifaranga."

"Mtoto gani?"

Akashika mdomo. "Yesu wangu! Balikuficha?"

Ndiyo nikasikia kwamba mto ulifurika ukaingia nyumbani, mtoto akanywa maji yale, akaharisha, akalala siku nne na dripu ya serumu mkononi. Na siku hizo hizo weye ulinitumia picha yake ya zamani, amevaa gauni ya Noeli!

Najua mama yako alisema, "Mumuache kwanza, atachanganyikiwa kazini." Kwetu aliye mbali hafuatwi na habari mbaya; zinawekwa hadi afike, aoge, ale, ndipo wanamketisha na kumwambia. Desturi hiyo ni ya msiba, Baba Riziki. Mtoto wangu yuko hai.

Nikueleze kazi yangu, maana hujawahi kuuliza. Naandika programu za kompyuta kwa lugha inayoitwa Java. Mule makosa yako ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kutangazwa. Kipande cha programu kinachosoma faili, na faili huenda halipo, kinalazimika kusema mapema: naweza kukwama hivi. Anayekiita kipande hicho kifanye kazi achague: alishughulikie kosa, au naye alitangaze kwa aliye juu yake. Asipochagua, mashine inakataa, programu haitoki. Aina ya pili hailazimishwi kutangazwa. Ukigawa kwa sifuri, ukigusa kitu kisichokuwapo, kosa linaruka programu ikiwa kazini, na pasipo wa kulidaka, inaanguka. Ofisini wanabishana kila siku: huyu anasema ya kwanza inachosha, yule anasema ya pili inashtukiza. Minye naziheshimu zote mbili, maana zinapiga kelele.

Ya aibu ni kudaka kosa na kulinyamazia. Nami nimeifanya. Tuliandika programu ya kuwakumbusha akina mama siku za chanjo. Mashine ilinikatalia, shefu, mkubwa wangu wa kazi, amesimama nyuma yangu: "Mama, bado tu?" Nikaandika catch, neno la kudaka kosa, ndani sikuweka kitu. Mashine ikaridhika. Wiki nzima kioo cha kompyuta kinaandika "zimetumwa," na hakuna hata ujumbe mmoja ulioondoka. Mama mmoja akafika kliniki na kachanga mgongoni, siku imeshapita, anauliza, "Mbona minye hamkuniita?"

Nilisimama mbele ya wote nikasema ni mimi. Shefu alinifokea mpaka mate yakaruka. Nikarekebisha. Kwa hiyo usiniambie nami nilikosa. Nilikosa, nikasema. Weye ulimeza, ukapangusa mdomo, ukanitumia picha.

Nimeomba ruhusa na nimepewa. Alhamisi nashika njia, nakuja kumchukua mtoto. Usibishane nami kwenye simu.

Nisalimie mama mkwe. Mwambie simchukii, ila habari za Riziki hazipiti tena mikononi mwake. Nisalimie wifi yangu anayemsuka mtoto, na baba mdogo wa Lubarika anayemletea mahindi. Riziki mbusu shingoni, pale anapocheka.

Na kama kuna jambo jingine juu ya mwili wa mtoto huyu, liandike leo, kabla sijapanda gari. Nitalia njiani. Sitakufa.

Mke wako bado,
Mama Riziki