Matairi Yaliyokuja na Gari

Mjukuu wangu Baraka,

Marahaba, baba. Huku Mbagala tu wazima. Shangazi yako kahamia Kimbiji, analima mihogo, na magoti yangu hayajambo.

Unauliza matairi yaliyokuja na pikapu yako yatadumu muda gani. Sie tulipopata pikapu yetu mpya, hata nailoni za viti hatukutoa. Ili matairi yasiishe, babu yako akaipandisha juu ya matofali, ikawa inashushwa kukiwa na harusi tu.

Siku mdogo wangu aliposhikwa na uchungu, tukaishusha haraka. Kabla ya kumaliza mtaa, tairi likapasuka. Kashata, yale meno ya tairi, zilikuwa bado nzima, ila mpira ulishakauka kwa jua, nyufa tupu. Jirani mkunga akamzalisha mlemle garini. Mtoto huyo ndiye baba yako mdogo Shukuru.

Babu yako akaangalia kiti, akasema, "Afadhali nailoni hatukutoa."

Namcheka mpaka leo.

Kwa hiyo muda siujui, mwanangu. Yetu yaliisha bila kwenda popote. Wewe endesha, na nyufa uwe unaziangalia. Yakiisha, basi yaishie kwenye njia ya kuja kuniona.

Bibi yako