Mfupa wa Kiingereza

Jumatatu, 10 Februari
Palizi ya pamba. Mvua ya juzi imeyapa magugu nguvu kuliko pamba. Mgongo unauma, nimeuzoea.

Minza kaondoka kwenda shule bila kunywa uji. Tangu aingie kidato cha kwanza hali vizuri na haongei. Mjukuu wangu huyu alikuwa na mdomo kama redio. Nilikuwa namwambia anyamaze walau niwasikie kuku wangu. Sasa nawasikia kuku sana.

Ijumaa, 14 Februari
Nimemuuliza Minza leo wamesoma nini. Kasema baiolojia. Baiolojia ndiyo nini? Akainua mabega.

Nikamuuliza tena kwa Kisukuma. Akatazama mlangoni kwanza, kama mwizi, ndipo akajibu kwa kunong'ona. Hajui. Mwalimu anaongea Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Wao wananakili tu ubaoni.

Huyu ndiye aliyekuwa anawaelekeza wenzake hesabu darasa la saba, hapa hapa uani kwangu. Nina hasira. Sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 15 Februari
Nilikuwa namnyoa Minza, shule hawataki nywele. Nikaona kamba ya katani shingoni, imefichwa chini ya kola. Nikaivuta. Mfupa. Mfupa wa ng'ombe, umetobolewa, umekuwa mweusi kwa jasho la watu.

Mama yake Minza, binti yangu Nkwimba, anapikia wachimbaji chakula kule Mwakitolyo. Kule dhahabu ikigoma watu wanakwenda kwa mganga, na mganga hakosi cha kumvalisha mtu. Nikajua tu. Wamemfunga mtoto ili duara la mtu, shimo lake la dhahabu, litoe mali. Ndiyo maana haongei. Wamemfunga ulimi.

Nikakata kamba kwa wembe uleule. Mfupa nikautupa motoni, chini ya chungu cha dengu, nikausemea maneno yangu. Ulinuka.

Minza alilia mpaka pumzi zikamkatika. Kisha akasema, "Bibi, ule ni wa shule."

Jumapili, 16 Februari
Sikwenda kanisani.

Ni hivi. Ukisema Kiswahili au Kisukuma ukiwa shuleni unavalishwa mfupa. Unakaa nao mpaka umnase mwenzako naye akisema, ndipo unamvalisha yeye. Siku ikiisha uko kwako, unalala nao. Kesho yake unachota maji ya nyumba za walimu. Minza hakuthubutu kuuvua hata kwangu. Ameona njia rahisi ni kufunga mdomo.

Na mimi nilidhani ni mganga. Mganga angalau huja kwanza kuongea na wenye mtoto.

Darasa la kwanza walimchapa kwa kusema Kisukuma. Akakishika Kiswahili, akakipenda, akawa anaimba nacho. Sasa Kiswahili nacho ni kosa. Wanamvua nguo moja kabla hawajampa nyingine, halafu wanamshangaa kwa nini kajikunyata.

Mimi shule sikuingia. Herufi nilizipata kisomo cha watu wazima, mtoto yuko titini. Mwalimu alitufundisha kwa Kiswahili, tukikwama anatueleza kwa Kisukuma. Hakutuvalisha kitu. Na hizi hapa, naandika.

Jumanne, 18 Februari
Minza karudishwa nyumbani. Jana alichota maji, leo wametaka mfupa wao. Naitwa shule.

Jumatano, 19 Februari
Nimekwenda. Mwalimu wa nidhamu ni kijana mdogo, shati limepigwa pasi vizuri. Kaniamkia shikamoo kwa heshima. Katoka mkoa wa mbali, hata salamu yetu ya mwangaluka hajui kuitikia.

Alinieleza kila kitu kwa Kiswahili. Kiswahili kizuri kabisa. Nikamuuliza mfupa wake yeye wa kuvaa uko wapi. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Bibi, sikutunga mimi. Serikali imesema sekondari ni Kiingereza. Mtihani unakuja kwa Kiingereza. Wasipozoea watafeli, na wakifeli naulizwa mimi."

Nikamwambia mjukuu wangu hajazoea, amenyamaza tu. Mtu bubu atafaulu nini? Akatazama meza. Nadhani naye amechoka. Sikumhurumia sana.

Mwisho wa maneno ni huu: niliouchoma ni mali ya shule. Minza harudi mpaka nilete mwingine. Nikasema sileti. Nikaondoka bila kuaga.

Getini wameandika maneno kwa rangi nyekundu. Niliyasoma herufi kwa herufi, nimesimama juani. Sikupata kitu. Nilijisikia kama Minza.

Alhamisi, 20 Februari
Redioni wanajisifu Kiswahili kimefika mbali, wageni wanakisoma huko kwao. Nimeizima. Betri yenyewe imekwisha nguvu.

Ijumaa, 21 Februari
Nkwimba kaja kutoka Mwakitolyo, vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, bado liko kwenye nyusi. Kasikia habari.

"Mama, kama shule haimtaki nipe mwanangu. Nina masufuria ya kuoshwa."

Nikamwambia wachimbaji wake wataacha sahani wamtazame mtoto. Akasema hilo atalichunga yeye. Nikamwambia yeye mwenyewe hakuchungika. Tulitukanana, mimi na mtoto wangu wa kuzaa. Kisha akauliza taratibu, "Hapa anafanya nini? Kuongea haongei, kusoma hasomi."

Nikainuka kuchochea moto.

Wanaondoka Jumatatu. Minza alikuwa pale pale anapepeta dengu. Hakusema neno, si kwa lugha hii wala ile.

Jumamosi, 22 Februari
Nimekwenda Maganzo, buchani. Mwenye bucha akanitania, "Bibi leo kwako supu?" Nikamwambia hii hainywewi.

Nimechagua mwenyewe. Mdogo, mwepesi, usimwelemee mtoto shingo. Nimeuchemsha, nimeukwangua, nimeutoboa kwa msumari wa moto. Katani inakwaruza, kwa hiyo nimechana pindo la kitenge changu, nimesuka kamba laini.

Mikono hii ndiyo iliyomvalisha Minza shanga za kiuno alipozaliwa. Leo imemtengenezea hiki.

Nkwimba alinitazama muda wote. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Jumatatu, 24 Februari
Minza kaenda shule na mfupa ndani ya mfuko wa daftari. Nkwimba kaenda Mwakitolyo peke yake. Nimepalilia mpaka sioni mistari.

Jumatano, 5 Machi
Wiki nzima mfupa ulikuwa shingoni kwa Minza. Leo karudi shingo tupu. Nikafurahi. Nikamuuliza kamnasa nani.

Pili. Pili wa jirani, wanakwenda wote shule tangu wana meno ya utoto.

Kamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, makusudi. Pili akalia, "Mayu wee." Basi, imetosha. Kumlilia mama ni Kisukuma.

Kasema wote wanafanya hivyo. Wanafinyana, wanakanyagana, wanachomana kwa kalamu. Mtu akiumia hakumbuki Kiingereza.

Alinisimulia bila kucheka na bila kulia. Ndiyo maneno mengi aliyonipa tangu Januari. Mkono ulinyanyuka nimpige. Nikauteremsha, nikampa ugali.

Mimi ndiye niliyetoboa mfupa ule.

Ijumaa, 7 Machi
Manyunyu tu. Shamba limelowa, sikulima.

Jioni Pili alipita njiani peke yake. Minza alikuwa ametangulia. Nikamwita Pili. Akasimama nje ya uzio, mkono kauweka kifuani kuficha. Nikamwambia, "Hapa ni kwangu, ng'wana wane. Vua. Weka kizingitini, uingie." Aliogopa. Nikarudia. Akavua.

Nimewapa matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, na karanga kwenye sahani moja. Walikula wakiangalia sahani. Baadaye Minza akasogeza kipande kikubwa upande wa Pili. Pili akakila. Kisha Pili akasema kitu kidogo kwa Kisukuma, sikukisikia, na Minza akamjibu. Nikatoka nje kuwaachia nyumba.

Mbwa wa jirani alikuwa kizingitini, mfupa uko mdomoni, kamba ya kitenge changu inaburuzika kwenye tope. Nilimkimbiza na ufagio mpaka kwenye pamba. Aliuachia. Nimeuosha, nimeukausha kwa khanga, nimeutundika juu kwenye mwamba wa paa asikofika.

Kisha nikakaa mlangoni na ufagio wangu, nikawa naulinda. Ndani walikuwa bado wanaongea.